Kupiga Picha kwa Kuelekea Nuru

Katika nyumba nyingi za nchi yetu haikosekani picha moja iliyoharibika ambayo hakuna anayethubutu kuitupa. Aghalabu ni picha ya mtu aliyesimama mlangoni, dirishani au ufukweni, na nyuma yake pana mwangaza mkubwa. Bahari yaonekana vizuri, minazi yaonekana vizuri, hata mawingu yana umbo lake. Lakini yule mtu, ambaye picha ilipigwa kwa ajili yake, amegeuka doa jeusi lisilo na macho wala mdomo.

Mimi mwenyewe ninayo picha ya namna hiyo. Ilipigwa mwaka 2005, siku moja kabla ya safari yangu ya kwenda masomoni ng'ambo. Marehemu baba alikuwa ameketi barazani, uso wake ukielekea ndani ya nyumba na bahari ya asubuhi ikiwa nyuma yake. Ndugu yangu mdogo alisimama mlangoni akapiga picha moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa imebakiwa na nafasi moja. Baba alifariki nikiwa bado ng'ambo, na picha ile ikawa ndiyo ya mwisho. Ndani yake nauona ukingo mweupe wa kofia yake na mstari wa nuru begani mwake, lakini uso wake siuoni. Niliporejea niliipeleka negativu kwa fundi wa picha mmoja hodari, nikamwomba aung'arishe uso ule. Aliinyanyua negativu akaielekeza kwenye taa, akaitazama kwa muda, kisha akanirudishia akisema, "Mwalimu, hapa hapakuandikwa kitu."

Kauli hiyo ya fundi ina fizikia kamili ndani yake. Makala hii yakusudia kueleza ni kwa nini kamera hushindwa kuandika uso wa mtu aliyeipa nuru kisogo, ni kwa nini watu wa ngozi nyeusi hupata hasara kubwa zaidi kutokana na kushindwa huko, na ni mambo gani machache ambayo mwalimu au mwanafunzi aweza kuyafanya ili kasoro hiyo isitokee. Tutaona pia kwamba nuru ya nyuma si adui tu. Ikitumiwa kwa ujuzi, hufichua mambo ambayo nuru ya mbele haiwezi kuyaonyesha kamwe.

AGIZO LA ZAMANI

Kamera rahisi ya sanduku iitwayo Brownie ilipoanza kuuzwa mwaka 1900, wanunuzi wake waliagizwa kusimama ili jua liwe nyuma ya mabega yao, yaani nyuma ya mpiga picha, na nuru impige usoni yule anayepigwa picha. Agizo hilo lilikuwa na sababu. Kamera zile zilikuwa na lenzi hafifu, na filamu za wakati ule zilikuwa nzito kuhisi nuru. Bila ya jua kamili juu ya kitu, picha haikutoka.

Agizo hilo limedumu hadi leo, nasi twalifuata bila ya kulichunguza. Lakini katika nchi zilizo karibu na ikweta lina upungufu wake. Adhuhuri jua letu liko karibu na utosi, wala haliko nyuma ya mtu yeyote. Hutia vivuli vyeusi machoni na chini ya pua. Asubuhi na jioni, jua likiwa chini, mtu anayelitazama hukunja uso na kufumba macho. Tena mahali penyewe mara nyingi hapatuachii hiari. Anayepiga picha asubuhi katika ufuko wa Dar es Salaam, akitaka bahari ionekane, hana budi kuelekea mashariki. Mwenzake aliye Forodhani, Unguja, au Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, jioni hujikuta akielekea magharibi. Wote wawili wana jua mbele ya lenzi. Kwa hiyo yafaa zaidi kuielewa nuru ya nyuma kuliko kuikimbia.

KAMERA HUPIMAJE NURU?

Kiasi cha nuru kinachoandikwa na kamera hutegemea mambo matatu: mwangaza wa kitu chenyewe, ukubwa wa tundu la lenzi, na muda ambao pazia la kamera hubaki wazi. Wapiga picha hupima mabadiliko ya kiasi hicho kwa "hatua". Hatua moja ni kuongeza nuru mara mbili, au kuipunguza kuwa nusu. Hatua mbili ni mara nne, hatua tatu ni mara nane, na hatua nne ni mara 16. Kubadilisha muda kutoka sehemu ya 250 ya sekunde hadi sehemu ya 125 ni hatua moja. Kadhalika, kubadilisha namba ya tundu kutoka 16 hadi 11, au kutoka 11 hadi 8, ni hatua moja, kwa kuwa eneo la tundu hukaribia kuongezeka mara mbili. Namba ikipungua, tundu hupanuka.

Kamera nyingi zina kipima nuru ndani yake. Lakini kipima nuru hakijui kinatazama nini. Hakijui kama mbele yake pana uso wa bibi, ukuta wa chokaa au gunia la mkaa. Kwa hiyo watengenezaji walikipa dhana moja ya kuanzia: kwamba vitu vyote vilivyo mbele ya kamera, vikichanganywa pamoja, hurudisha takribani asilimia 18 ya nuru inayoviangukia. Hiyo ndiyo rangi ya kijivu cha kati. Kipima nuru huchukua wastani wa mwangaza wote, kisha huamuru kamera iuandike wastani huo kuwa kijivu.

Katika mandhari ya kawaida dhana hiyo hufaa. Tuone sasa yanayotokea nuru inapokuwa nyuma. Tuseme uso wa mtu aliyeketi kivulini una mwangaza wa kipimo 1, na anga nyuma yake ina mwangaza wa kipimo 16. Tuseme pia kwamba anga imechukua robo tatu ya picha, na mtu amechukua robo moja. Wastani utakuwa:

(0.75 × 16) + (0.25 × 1) = 12.25

Kipima nuru kitaufanya wastani huu wa 12.25 uwe kijivu cha asilimia 18. Basi uso, wenye mwangaza wa 1, utaandikwa kama kitu kinachorudisha 18 ÷ 12.25, yaani takribani asilimia 1.5 tu ya nuru. Sehemu nyeusi kabisa ya karatasi ya picha yenye kung'aa hurudisha asilimia 1 hivi. Kwa hiyo uso umezama ndani ya weusi wa karatasi. Kamera haikukosea hesabu hata kidogo. Imejibu kwa usahihi swali ambalo sisi hatukuliuliza. Ilikadiria nuru ya anga, nasi tulitaka nuru ya uso.

Je, tukiongeza nuru? Uso wa mtu mweusi hurudisha takribani asilimia 10 ya nuru. Ili tuutoe kwenye 1.5 na kuufikisha 10, twahitaji nuru mara 6.8, yaani karibu hatua tatu. Lakini tukifanya hivyo, anga iliyo mara 16 ya uso itapaswa kuandikwa kuwa asilimia 160, jambo lisilowezekana, kwa kuwa hakuna karatasi nyeupe kuliko asilimia 100. Anga itaungua, iwe nyeupe tupu isiyo na wingu wala ndege. Hapo ndipo penye uchaguzi: ama anga, ama uso. Mpiga picha asiyechagua huchaguliwa na kipima nuru, nacho siku zote huchagua kile kilicho kikubwa zaidi katika picha.

JICHO SI KAMERA

Msomaji aweza kuuliza: mbona ndugu yako aliyekuwa mlangoni aliuona uso wa baba yenu vizuri? Jibu ni kwamba jicho halitazami mandhari yote kwa mara moja. Huhama kutoka mahali hadi mahali, na kila lihamapo mboni hupanuka au husinyaa, nayo retina hubadili wepesi wake wa kuhisi nuru. Ubongo huziunganisha habari hizo zote ukatengeneza taswira moja. Kamera ya filamu hutazama mara moja tu, kwa tundu moja na muda mmoja, ikamaliza.

Filamu ina kikomo kingine. Ndani yake mna chembe ndogo za chumvi ya fedha. Ili chembe iweze kugeuka nyeusi inapooshwa kwa dawa, lazima kwanza nuru iwe imezalisha ndani yake atomi chache za fedha, takribani nne, zilizo mahali pamoja. Chini ya hapo chembe hubaki kana kwamba haikuona chochote. Ndiyo maana fundi wangu hakuweza kunisaidia. Katika negativu, mahali pa uso palikuwa angavu kama kioo kitupu. Giza lisiloandikwa haliwezi kusomwa, hata kwa taa kubwa namna gani.

Kihisi cha kamera ya kidijitali kina tabia tofauti kidogo. Katika sehemu za giza huhifadhi habari nyingi kuliko macho yanavyodhani, ingawa huziandika pamoja na chengachenga za kelele ya umeme. Lakini katika sehemu za mwangaza, kikishajaa kimejaa. Hakuna njia ya kuurudisha wingu uliokwisha kuungua. Kwa hiyo kanuni ni mbili: anayetumia filamu ya negativu alinde vivuli, na anayetumia kamera ya kidijitali achunge pia mwangaza usifurike.

NGOZI NYEUSI NA KADI ZA KUPIMIA

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa ng'ambo havikulijali. Mwaka 1976 ilitolewa kadi ya viraka 24 vya rangi iitwayo ColorChecker, ambayo bado hutumika kupimia kamera. Miongoni mwa viraka hivyo kimo kimoja cha ngozi nyeusi, ambacho hurudisha nuru asilimia 10 hivi, na kimoja cha ngozi nyeupe, ambacho hurudisha asilimia 36 hivi. Tofauti yake ni mara 3.6, karibu hatua mbili.

Tumrudie mtu wetu wa barazani. Tuseme mahali pake ameketi mtu mweupe, kila kitu kingine kikiwa vilevile. Mwangaza wa uso sasa ni 3.6, wala si 1. Wastani utakuwa (0.75 × 16) + (0.25 × 3.6), yaani 12.9. Uso huo utaandikwa kama asilimia 5. Ni uso wenye giza, hapana shaka, lakini macho na mdomo vyaweza kutambulika. Kosa la kipima nuru ni lilelile moja. Hasara si moja. Mmoja ametoka na picha mbaya, mwingine hakutoka kabisa.

Yafaa ikumbukwe kwamba vipimo vya upigaji picha wa rangi havikuanza kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, ili mafundi wazitumie kusawazisha rangi. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitolewa katika miaka ya 1990. Wakati huohuo kamera zenyewe zimekuwa zikiongezewa akili. Mwaka 1983 kamera ya Nikon FA iligawa picha katika sehemu tano na kulinganisha mwangaza wa kila sehemu badala ya kuchukua wastani mmoja. Simu za mkononi za leo huutafuta uso wenyewe, hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, na kuziunganisha kuwa moja, karibu kama jicho lifanyavyo. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ambayo ilitangazwa kuwa imerekebishwa ili ionyeshe vizuri zaidi ngozi za rangi zote. Haya ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo hayaondoi ulazima wa mpiga picha kufikiri, kwa kuwa hakuna hesabu iwezayo kurudisha nuru ambayo haikuingia kwenye lenzi.

NJIA TANO ZA KUUOKOA USO

Kwanza, muhamishe mtu. Hii ndiyo njia rahisi na yenye kusahauliwa kuliko zote. Mtu aliyekipa dirisha kisogo akigeuka tu akalitazama, nuru iliyokuwa adui yake huwa rafiki yake. Chini ya mwembe au kwenye baraza inayotazama uwanja, uso hupata nuru laini isiyokunjisha uso.

Pili, pima uso wala usipime anga. Mwenye kamera ya kurekebishwa kwa mkono amsogelee mtu hadi uso ujaze picha, asome kipimo, kisha arudi nyuma apige kwa kipimo hichohicho. Akumbuke kwamba kipima nuru kitataka kuufanya uso mweusi uwe kijivu cha asilimia 18. Basi apunguze nuru kwa karibu hatua moja ili rangi ya ngozi ibaki ya kweli. Mwenye simu aguse uso kwenye kioo cha simu. Simu nyingi hutumia mahali palipoguswa kupimia nuru.

Tatu, ongeza hatua mbili hadi tatu juu ya kipimo cha mandhari yote. Njia hii hufaa pale usipoweza kumsogelea mtu, na hesabu yetu ya hapo juu imeonyesha sababu yake.

Nne, rudisha nuru. Shuka jeupe lililofuliwa vizuri hurudisha sehemu kubwa ya nuru inayoliangukia. Watu wawili wakilishika mbele ya mtu, nje ya picha, jua lililo nyuma yake litagonga shuka na kurudi usoni pake. Ukuta uliopakwa chokaa, mchanga mweupe wa ufukweni, hata gazeti lililofunguliwa, vyote hufanya kazi hiyo kwa viwango mbalimbali. Jihadhari na vitu vyenye rangi: ukuta wa kijani huufanya uso uwe wa kijani.

Tano, tumia flashi hata kama ni mchana. Watu hushangaa wanapomwona mpiga picha akiwasha flashi penye jua kali, lakini hiyo hasa ndiyo saa yake. Flashi huujaza uso nuru bila ya kuibadili anga, ambayo iko mbali mno. Nguvu yake, hata hivyo, hupungua kwa mraba wa umbali. Mtu aliye mita 4 kutoka kwenye flashi hupata robo tu ya nuru ambayo angeipata akiwa mita 2. Flashi yenye namba elekezi 28, kwa filamu ya wepesi wa 100, hufaa mita 3.5 kwa tundu la 8, lakini hufika mita 1.75 tu kwa tundu la 16. Hesabu ni rahisi: gawanya namba elekezi kwa namba ya tundu.

UTANDO MWEUPE KATIKA PICHA

Kuna kasoro nyingine iletwayo na nuru ya nyuma. Picha nzima hufunikwa na weupe hafifu kama utando wa maziwa, na wakati mwingine hutokea miduara ya rangi iliyojipanga mstari. Hiyo ni nuru ya jua iliyogonga lenzi moja kwa moja ikazunguka ndani yake. Kila uso wa kioo kisichopakwa dawa hurudisha asilimia 4 hivi ya nuru. Lenzi yenye vioo vinne vilivyotengana ina nyuso nane, nayo hupitisha 0.96 ikizidishwa kwa yenyewe mara nane, yaani takribani asilimia 72. Asilimia 28 iliyobaki hurudishwarudishwa, na sehemu yake huifikia filamu ikiwa imepotea njia.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyefanya kazi katika kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani, alibuni namna ya kuipaka lenzi tabaka jembamba sana linalopunguza mwakisiko huo. Lenzi za leo zimepakwa tabaka kadhaa. Lakini alama ya kidole, vumbi, na kuvu waotao ndani ya lenzi katika hewa yenye unyevu ya mwambao huuharibu ubora huo wote. Kabla ya kupiga picha kuelekea nuru, futa lenzi kwa kitambaa safi na laini, kisha ikinge na jua kwa kiganja au kwa kofia, ukihakikisha kwamba mkono wenyewe hauingii katika picha.

YALE YANAYOFICHULIWA NA NURU YA NYUMA

Hadi hapa tumeishitaki nuru ya nyuma. Haki yataka tuusikie na utetezi wake.

Tazama kwanza jani la mgomba. Likipigwa na jua kutoka upande wako, huonekana la kijani kilichofifia, na pengine hung'aa tu. Likiwa kati yako na jua, huwaka kwa kijani chenye kukaribia manjano, na mishipa yake yote hujitokeza. Sababu ni kwamba sasa nuru inayokufikia imepenya ndani ya jani, na klorofili imekwisha kunyonya sehemu kubwa ya nuru nyekundu na ya buluu. Rangi unayoiona imetoka moyoni mwa jani, wala si juu ya ngozi yake.

Pili, vumbi na moshi. Chembe zenye ukubwa wa karibu sehemu ya elfu ya milimita hutawanya nuru nyingi zaidi kwenda mbele, upande uleule nuru ilikokuwa ikielekea, kuliko kuirudisha nyuma. Ndiyo maana moshi wa jikoni na vumbi la ng'ombe warudio jioni huonekana waziwazi unapoelekea jua, na hukaribia kutoweka unapolipa kisogo. Kanuni hiyohiyo imeleta ugunduzi mkubwa. Tarehe 15 Septemba 2006 chombo cha angani Cassini kiliingia ndani ya kivuli cha sayari ya Zohali, jua likawa nyuma ya sayari. Picha 165 zilizopigwa kwa karibu saa tatu ziliunganishwa kuwa moja, na ndani yake zilionekana pete hafifu za vumbi ambazo hazikuwa zimejulikana kabla ya hapo. Vumbi lile lilikuwapo siku zote. Ilihitajika nuru ya nyuma ili lionekane.

Tatu, mstari wa nuru begani na nywelezi. Nuru ikigonga uso wa kitu kwa kuambaa, hurudishwa kwa wingi zaidi kuliko ikigonga wima, na hii ni kweli hata kwa vitu visivyong'aa sana. Kwa hiyo kingo za mtu aliyeipa nuru kisogo hupata uzi mwembamba wa mwangaza unaomtenga na vitu vilivyo nyuma yake. Wapiga picha hodari huutafuta uzi huo kwa makusudi, huku wakiujaza uso nuru kwa shuka au flashi.

Nne, umbo tupu. Jahazi lenye tanga, mkwezi juu ya mnazi, au mvuvi akitupa wavu wakati wa machweo, hujulikana kwa umbo peke yake. Hapo achia kipima nuru kifuate anga, na weusi utakuwa ndio uzuri wa picha. Lakini umbo lazima lisomeke: mtu apigwe kwa ubavu, vitu visipandane. Katika kupatwa kwa jua kwa namna ya pete kulikotokea tarehe 1 Septemba 2016, na kutazamwa na watu wengi huko Rujewa mkoani Mbeya, mwezi wenyewe ulikuwa umbo tupu jeusi mbele ya jua.

Mwisho, tukumbuke maabara na hospitali. Hadubini ya shule hupeleka nuru kutoka chini, ikapenya katika kipande kinachochunguzwa, hadi jichoni. Mtaalamu anayetafuta vijidudu vya malaria katika damu hufanya kazi kwa nuru ya nyuma. Hata picha ya eksirei, iliyotokana na ugunduzi wa Röntgen wa mwaka 1895, ni picha ya chanzo kilicho upande mmoja wa mwili na filamu au kihisi upande wa pili.

TAHADHARI

Usilitazame jua kamwe kupitia kitundu cha kamera yenye lenzi ndefu, hata kwa nukta moja. Lenzi hukusanya nuru na joto la jua na kulimimina juu ya retina, nayo retina haina hisi ya maumivu. Mtu hujua kwamba ameungua baada ya kuona kumekwisha kuharibika. Vioo vilivyofukizwa moshi, negativu za zamani na miwani ya kawaida ya jua havitoshi kuwa kinga. Subiri jua lijifiche nyuma ya mti, wingu au kichwa cha mtu unayempiga picha.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Asubuhi jua liingiapo dirishani, funga madirisha mengine yote na upige vifutio vya chaki. Wanafunzi walitazame vumbi wakiwa wameelekea dirishani, bila ya kulitazama jua lenyewe, kisha wakiwa wamelipa dirisha kisogo. Waeleze tofauti waliyoiona.

2. Msimamishe mwanafunzi mbele ya dirisha lenye mwangaza. Piga picha tatu kwa simu: ya kwanza bila ya kurekebisha kitu, ya pili baada ya kugusa uso kwenye kioo cha simu, ya tatu kwa kutumia shuka jeupe mbele yake. Linganisheni uso na dirisha katika kila picha.

3. Swali la hesabu: anga imechukua nusu ya picha, nayo ni mara 8 ya mwangaza wa uso uliochukua nusu nyingine. Uso utaandikwa kama asilimia ngapi? (Jibu: wastani ni 4.5, kwa hiyo uso ni asilimia 4.)

Kila mwaka walimu wengi huombwa kupiga picha: za mahafali, za fomu, za wazee waliokuja kuwatazama watoto wao wakipewa vyeti. Mara nyingi watu hao hupangwa mbele ya ukuta wenye madirisha au mbele ya uwanja uwakao jua, kwa sababu ndipo panapopendeza. Kabla ya kubonyeza, mpiga picha na ajiulize swali moja tu: nuru inatoka wapi? Kama inatoka nyuma yao, kuwageuza huchukua nusu dakika. Picha ya baba yangu ningali nimeitundika ukutani, nami huwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka tunapoanza somo la nuru. Huwaambia kwamba bahari waionayo pale bado ipo, na kila asubuhi aitakaye aweza kwenda kuipiga picha.